Mkono wa Baliatha

Hapa Karthago, liwali alichoshwa na ubishi wa dada yangu Baliatha, aliyeshtakiwa kwa Ukristo. Akamwamuru askari amkamate mkono, amtie ubani kiganjani na aumwage motoni mbele ya sanamu ya Kaisari. Moshi ukapanda.

"Haya, ameshafukiza," liwali akasema. "Nenda zako nyumbani, mama."

Mimi, nisiye Mkristo, nikashangilia kama mjinga. "Dada, nyamaza, twende!"

Akanikata jicho, kisha akamgeukia liwali. "Aliyefukiza ni huyu askari wako. Mimi sijafukiza, na sifukizi ng'o!"

Liwali akatoa hukumu ya upanga. Askari akanyoosha mkono amkamate tena.

"Usiniguse," Baliatha akamwambia. "Huko nakwenda mwenyewe."