Hodi ya Jemadari

Mama yangu ni fundi cherehani, na hapendi hip-hop. Niseme vizuri: anaichukia kama anavyomchukia mteja anayeleta kitambaa pungufu halafu anataka gauni la marinda. Chumbani kwangu nimebandika picha za marapa ukuta mzima, na kila Jumamosi akiingia kupangusa vumbi huwasalimia kwa kejeli. "Hamjambo, wakwe zangu wa ukutani? Bado hamjapata kazi?"

Anachopenda yeye ni tamthilia ya wanyonya damu. Ni ya nchi za mbali, imeingizwa sauti za Kiswahili, na huonyeshwa Ijumaa alasiri. Ikianza, cherehani inanyamaza, mkasi unawekwa chini, na mteja aliyefuata sketi yake atakaa atulie au arudi Jumatatu. Mnyonya damu mkuu anaitwa Jemadari. Ni mtanashati, ana meno, na msimu mzima amekuwa akimwandama muuguzi mmoja mpole. Mbali na jua linalomuunguza, udhaifu wake ni mmoja tu: hawezi kuvuka kizingiti cha mtu mpaka mwenye nyumba atamke "karibu."

"Mimi hata maneno yake siyafuatilii," mama huniambia, "nasikiliza sauti. Ile ni sauti ya mwanaume aliyelelewa. Wewe endelea na wabwekaji wako, wenye sauti kama ile wapo mahali wanaoa."

Nilikuwa najiuma midomo nisicheke, kwa sababu sauti ile naijua. Mimi natengeneza spika. Mwaka jana kijana mmoja aliniletea spika iliyopasuka, akafungua mdomo kunieleza tatizo, nikamtambua papo hapo. Alikuwa Kokoto, rapa niliyembandika katikati ya ukuta. Nilimkariria ubeti wake wa pili mwanzo mpaka mwisho huku nimeshika chuma cha moto cha kuunganishia waya, nikajichoma kidole wala sikuhisi. Aliyehisi ni yeye, akakimbilia maji. Mapenzi yetu yakaanzia kwenye beseni. Muziki ulikuwa umempa jina, lakini riziki aliipata studio, akimsemea Jemadari kwa Kiswahili.

Akataka kuja nyumbani kujitambulisha. Mpango wangu ulikuwa rahisi: jina la Kokoto lisitajwe, aseme tu anafanya kazi ya sauti, mama aisikie, alainike, mambo yaishe. Nilijiona nina akili kweli. Sikujua kwamba Ijumaa ya kabla ya ugeni wake, tamthilia ingeishia Jemadari akiwa amesimama mlangoni kwa muuguzi, mvua inamnyeshea, anagonga taratibu na kusema, "Hodi." Mkono wa muuguzi uko kwenye komeo. Mara majina ya waigizaji yakaanza kupita. Mama hakula vizuri siku ile wala kesho yake.

Jumapili mchana alivaa gauni lake la heshima, meza ikatandikwa, mlango ukaachwa wazi. Kivuli kikatokea kizingitini, halafu sauti, nzito, taratibu.

"Hodi."

Mama alikuwa ameshika birika. Akalitua. Akanitazama mimi, akatazama mlango, na mdomo uliokuwa umeshajiandaa kuitikia ukafungwa.

"Hodi wenyewe," akarudia Kokoto, maskini, akidhani hakusikika. Akawa amezidisha mambo.

"Mama," nikanong'ona, "mgeni anabisha."

"Nasikia. Muulize anataka nini."

Tangu nizaliwe sijaona mama akimwacha mtu mlangoni. Hata yule wakala wa bima tunayemkimbia sote hupata kiti na maji ya kunywa. Leo mwanaume ninayemtaka amesimama juani, anazuiwa na neno moja, na mwenye neno hataki kulitoa. Nikilisema mimi halisaidii kitu. Nyumba ni yake na ridhaa ni yake. Machozi yalinilenga, nusu ya hasira, nusu ya kicheko.

Mama akasogea karibu na mlango, akamkagua kuanzia viatu. "Jua halijamfanya kitu," akasema, kana kwamba ananipa ripoti. Halafu akakunja uso. "Na sura hii naijua. Hii sura nimeipangusa vumbi."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe si yule wa katikati, uliyekunja mikono?"

"Ndiye mimi, mama."

"Na Jemadari ni wewe."

"Ni kazi tu, mama."

"Haya. Muuguzi anasema karibu au hasemi?"

Nilimkonyeza mpaka jicho likaniuma. Sema, mwanaume, sema uingie ndani tule.

"Siwezi kusema, mama. Tuliahidiana kule studio. Nikisema nitakuwa nimewaangusha wenzangu."

"Hata huyu hujamwambia?"

"Hata huyu. Ameninunia tangu jana."

"Rapa mwenye siri," mama akasema. "Mtu ambaye kazi yake ni kuropoka kwa kasi." Akabaki njia panda. Kumkaribisha aliogopa, kumfukuza aliona aibu, maana majirani walishaanza kufagia mahali palipokwisha kufagiwa. Basi akachukua kigoda chake cha kushonea, akatoka nacho nje, akaketi mbele ya Kokoto. "Kama una neno, liseme hapa hapa."

Kokoto akaziba mdomo kwa kiganja. Mabega yakamtikisika.

"Unacheka nini?"

"Vumbi, mama."

Akachuchumaa, akasema neno lake kwa adabu. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamjibu kwamba atafikiria, kwamba kokoto ni la kujengea na si la kuolewa nalo, na kwamba aende salama. Chai ikapoa kwenye birika. Jioni nikamwambia mama ukweli, kwamba nampenda mtu huyu, na akikataliwa nitaumia vibaya.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana sikumfukuza."

Ijumaa ikafika. Chumba cha kushonea kilijaa wateja, hata wasio na nguo ya kushonewa. Jemadari mlangoni, mvua ile ile. "Hodi." Muuguzi akavuta komeo. Mama akashika shingo yake mwenyewe.

Muuguzi hakusema karibu. Alirudi ndani, akachukua kiti, akatoka nacho mvuani, akaketi mbele ya Jemadari. "Kama una neno," akasema, "liseme hapa."

Chumba kizima kikageuka kumtazama mama, maana habari za Jumapili zilikuwa zimeshazunguka mtaa mzima. Yeye hakumtazama mtu.

"Alijua," akasema polepole. "Nilipotoka na kigoda, alijua. Jibu lilikuwa limemfika mdomoni kabisa, akalimeza, akaniambia vumbi."

"Ndiyo, mama."

"Marehemu baba yako asingeweza. Alikuwa akininunulia zawadi, ananipigia simu kunitajia akiwa bado dukani." Akafuta macho kwa pindo la kitambaa cha mteja. "Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, nikamwambia Kokoto kwamba mama yupo hapa anataka kumsikia. Mtundu yule, badala ya kuamkia, akateremsha sauti mpaka chini kabisa.

"Hodi."

Mama akaifunika shingo kwa mkono mmoja, akasogeza mdomo kwenye simu.

"Karibu, mwanangu," akasema. "Meno uyaache huko huko."