Mti wa Koso wa Daktari Gebeyehu

Tegu hawakufa. Jumatatu hiyo, kwa mara ya tatu, Wubit alichungulia vibakuli vyake katika maabara ya mitishamba ya Debre Berhan, Ethiopia, akawakuta minyoo hao aliowatoa machinjioni wakijinyoosha ndani ya maji ya koso kama wageni wa harusi. Akapiga chafya. Tangu aanze kusaga maua ya koso, chafya zilikuwa hazimwishi.

Wengine wangecheka, lakini kwake halikuwa jambo la kuchekesha. Alhamisi kamati ingeamua kama utafiti wake uendelee au ufungwe. Ukifungwa, angerudishwa chumba cha chini kupima sabuni, kazi aliyoifanya miaka miwili mpaka akaichukia harufu ya ndimu. Na koso ndiyo kazi pekee aliyowahi kuipenda. Wazee wake wote walikunywa maua yale kufukuza tegu. Yeye alitaka kujua ni kitu gani hasa ndani ya ua kinachowaua tegu.

"Tatizo ni mkono wako," alisema Daktari Gebeyehu, mkuu wa maabara. "Mti hauna kosa. Mche wake niliutoa shambani kwa babu yangu, nikaupanda pale getini mwenyewe. Kila Jumapili nakula nyama mbichi, kila miezi miwili nakunywa maua yake, natapika, naamka mzima. Na wanakamati wote nawagawia kila Pasaka. Nani amelalamika?"

Wubit akarudi nyumbani na kopo la maua chini ya kwapa.

Shangazi yake Asselefech, aliyeuza koso sokoni miaka arobaini, alitia vidole koponi, akanusa, akakunja uso.

"Nani kakupa takataka hizi?"

"Ni koso, shangazi."

"Koso dume! Huoni vumbi lake? Ndilo linalokupigisha chafya. Jike maua yake ni mekundu, na hayana vumbi. Dume linatapisha tu, tegu anabaki tumboni anakucheka. Masomo yote hayo, mwanangu, na dume na jike huvijui?"

"Mimi nimekua nikimeza vidonge. Nani angenifundisha?"

"Mimi hapa. Ungeuliza."

Maneno hayo yakamchoma, kwa sababu yalikuwa ya kweli. Miezi mitatu alikuwa akipita mbele ya kibanda cha shangazi yake, anasalimu, anakwenda zake kutafuta majibu kwenye vitabu.

Shangazi akafungua kifurushi chake cha maua mekundu. Jumanne Wubit akayasaga na kuyaloweka bila chafya hata moja, akayamimina vibakulini. Jumatano asubuhi tegu wote walikuwa wamelala kimya kama kamba za viatu. Wubit akaruka, akaibusu meza.

Furaha ikadumu mpaka mlangoni kwa Daktari, maana ripoti bila saini yake haipokelewi na kamati. Daktari alisoma, akatabasamu, kisha akavua miwani.

"'Maua ya awali yalitoka kwenye mti dume.' Mti wangu?"

"Ndiyo, Daktari."

"Yaani miaka ishirini nimetapika bure?"

"Sikusema hivyo."

"Umeandika hivyo! Futa sentensi hii, nitie saini."

Wubit aliirudia sentensi ile kwa macho. Sentensi moja tu, na kazi ni yake. Lakini atakayekuja baada yake angechuma palepale getini, akose palepale, aseme koso ni hadithi za mabibi.

"Siwezi, Daktari." Akaweka mezani pakiti ndogo ya karatasi. "Shangazi amekupimia kipimo chako, si zaidi. Unywe au usinywe." Akatoka kabla hajajibiwa.

Alhamisi asubuhi ofisi ya Daktari ilikuwa imefungwa.

"Haonani na mtu leo," mlinzi alimnong'oneza. "Amekunywa koso."

Debre Berhan, ukishaambiwa hivyo, huulizi zaidi. Mtu wa namna hiyo hujifungia ndani mpaka mambo yake yaishe. Wubit aliwaza: amekunywa ya mti wake ili anikomoe. Saa tisa alasiri akaingia mbele ya kamati na ripoti isiyo na saini, harufu ya ndimu imeshaanza kumrudia puani.

Mwenyekiti, mama mmoja mnene asiyependa kupotezewa muda, alikuwa anafungua kinywa pale mlango ulipofunguka. Daktari Gebeyehu aliingia polepole, uso umepauka, mkanda umekazwa matundu mawili zaidi. Mkononi alikuwa na chupa pana iliyofunikwa gazeti. Akaiweka mezani, akaondoa gazeti. Wanakamati wakarudi nyuma na viti vyao.

"Tegu wa mita nne," alisema. "Nimempima mwenyewe. Ametolewa na koso ya shangazi yake Wubit, ile ya sokoni."

Daktari akaivuta ripoti, akaisoma sentensi ile kwa sauti, akatia saini chini yake.

"Mti wangu ni dume," akasema. "Binti huyu alikataa kunidanganya. Mwacheni afanye kazi."

Mwenyekiti aliitazama chupa, kisha akawatazama wenzake. Mmoja alikuwa ameshika tumbo. Wa pili alikuwa akihesabu kitu kwa vidole, bila shaka Pasaka zilizopita.

"Kuna anayepinga?" akauliza.

Wote wakatikisa vichwa.

"Umepita." Akamwinamia Wubit, akashusha sauti. "Na huyo shangazi yako, kibanda chake kiko upande gani wa soko?"