Kalenda ya Chooni

Vitabu vya kurekebisha maisha nimesoma kumi na moja, na mume wangu Harm anasema kilichorekebika mpaka sasa ni rafu tu. Kimoja kiliniamsha saa kumi na moja alfajiri wiki tatu mfululizo, nikawa nasinzia dukani ninakofanya kazi, juu ya mikate ya watu. Kingine kilinisimamisha chini ya maji baridi kila asubuhi, mwezi wa pili, nikaambulia kikohozi. Cha kupumua kwa tundu moja la pua sikisemi. Kila kimoja nilikianza kwa kiapo na kukimaliza kwa aibu, kisha nikarudi duka lile lile la vitabu hapa Deventer, Uholanzi, kutafuta kingine, maana mimi ni mtu wa kuamini kwamba kosa lilikuwa la kitabu kilichopita.

Cha kumi na mbili kilikuwa na jalada la njano. Sura yake ya tatu ilisema hivi: ukutani kwako usibakize kitu kinachokuamrisha. Zunguka nyumba nzima, na kila utakachokitazama ukajiona umechelewa, kishushe.

Nikazunguka. Nilishusha saa ya jikoni, Harm akairudisha kabla ya chakula cha jioni. Nilishusha picha ya mama mkwe, hiyo hakuirudisha. Halafu nikaingia chooni, nikakaa, na mbele yangu ikawepo kalenda ya siku za kuzaliwa, inaning'inia kwenye msumari wake kama ilivyoning'inia miaka thelathini na mbili.

Nyumba gani ya kwetu haina kalenda ile chooni? Haina mwaka wala Jumatatu, ni tarehe tupu na majina, imetundikwa mkabala na anayekaa ili hata ukiingia kwa dakika mbili utoke unajua ni nani wa kutumiwa kadi. Yangu mama aliiandika kwa mkono wake mwenyewe nilipoolewa, kama alivyomwandikia dada yangu Aleida alipoolewa yeye. Majina arobaini na matatu. Kila jina ni kadi na stempu, na kwa walio karibu ni alasiri nzima ya kukaa kwenye viti vilivyopangwa duara sebuleni kwa mtu. Unapita duara lote unampa kila mmoja mkono na kumwambia hongera, hata jirani aliyekuja kurudisha ngazi. Kisha unapewa kahawa na kipande cha keki. Kimoja. Ujana wangu wote umeishia kwenye duara zile nikitazama soksi za watu.

Nikaichomoa ile kalenda, nikaenda kuitupa kwenye pipa la karatasi. Nilijisikia mwepesi, siwezi kusema uongo.

"Umeitupa ya mama yako?" Harm akauliza, gazeti mkononi.

"Ilikuwa inaniamrisha."

"Na mimi je, sikuamrishi? Niambie mapema, nisikatize karibu na lile pipa."

"Wewe huning'inii ukutani."

"Haya, mwalimu. Siku Roelie wako akikosa kadi, usinitume mimi kwenda kuomba radhi."

Roelie ni binamu yangu, mwenye mdomo wa kutangaza habari mtaa mzima. Nikamwambia Harm kwamba Roelie na ajiamrishe mwenyewe. Jumanne lori likapita, likabeba karatasi zote.

Wiki tano nikaishi kama malkia. Halafu asubuhi moja ya Oktoba nilikaa chooni, macho yakaenda kwenye msumari mtupu, na hapo hapo likanijia wazo kwamba mwezi huu Aleida anatimiza miaka sitini. Nikataka kujua ni tarehe ngapi. Sikujua. Kumi na nne, au kumi na sita.

Mtu atacheka: usijue siku ya kuzaliwa ya dada yako, mtoto wa mama mmoja? Lakini kwa nini ningeijua? Ukuta ulikuwa unaijua. Kichwani sikuwahi kuweka tarehe hata moja zaidi ya yangu na ya Harm, na ya Harm huwa nahakikisha.

Kwa mtu mwingine yeyote ningejikaza nikasahau. Aleida si mtu mwingine. Miaka minne iliyopita mama aliugua ghafla, mimi na Harm tukiwa likizoni Ufaransa na hema letu. Aleida akaamua peke yake kumpeleka kwenye nyumba ya wazee, na baada ya siku tisa mama akafa. Kwenye kahawa ya msiba, mbele ya ukoo mzima, kikombe mkononi, nilimwambia dada yangu kwa sauti: "Wewe ndiye uliyemharakisha." Aliweka sahani yake chini, akachukua koti, akaondoka. Tangu siku ile hatukuwa tumeonana tena. Kilichobaki ni kadi mbili kwa mwaka, yake kwangu mwezi wa tano na yangu kwake Oktoba. Yangu: Hongera, Geesje na Harm. Yake: Hongera, Aleida. Uzi mwembamba, lakini haukukatika, na ulikuwa haujakatika kwa sababu ya ile kalenda niliyoitupa kwenye takataka.

Kadi ikichelewa, na ni sitini, atajua nimemfuta. Ikifika kabla, atajua nimebahatisha. Kumuuliza Roelie ilikuwa sawa na kupanda kwenye mnara wa kanisa na kipaza sauti.

"Wewe huikumbuki?" nikamuuliza Harm.

"Mimi nilioa kwenye familia hii, mke wangu. Mtihani wake sikuufanya."

Nikaanza kulia pale pale jikoni. Harm hajui la kufanya mtu akilia, kwa hiyo akachukua kitu kilichokuwa karibu, na kilikuwa kitabu cha njano. Akafunua, akavaa miwani.

"Sikiliza. Kitabu chako kinasema: kinachokutisha kikabili kabla ya saa nne asubuhi."

"Kwa nini saa nne?"

"Hakisemi. Labda baada ya saa nne kinakuwa kimeshakunywa kahawa."

"Harm, usinitanie."

"Sikutanii. Kadi unaiogopa ya nini? Kadi haimtishi mtu." Akavua miwani. "Unachokiogopa wewe kinakaa Olst, kilomita kumi na mbili kutoka hapa, na una baiskeli."

Miaka yote ile anavicheka vitabu vyangu, na siku alipokishika kimoja akanisomea ukurasa ule ule niliokuwa nimeuruka. Nilimchukia kwa dakika tano nzima.

Tarehe kumi na nne, kwa kubahatisha na kwa kuwa ilikuwa siku yangu ya mapumziko, nilifunga keki ya matufaha kwenye mfuko wa baiskeli nikaondoka saa mbili na nusu. Upepo wa mto IJssel ulinipiga usoni njia nzima, na mvua ikafuata. Kwetu mtu haendi kwa mtu bila miadi, hata kwa mama yake mzazi. Na kabla ya saa nne ndiyo kabisa, anayebisha hodi saa hizo ama ni mleta barua ama ni msiba. Mara mbili nilishuka kwenye baiskeli nikageuza. Mara mbili nikageuza tena.

Nyumba ya Aleida haikuwa na mapambo ya siku ya kuzaliwa dirishani. Nikajua kabla sijabonyeza kengele kwamba nimekosea siku, na kidole kikabonyeza hivyo hivyo.

Alifungua akiwa na sapatu miguuni na vibano vya nywele kichwani, kapu la nguo limeegemea kiunoni. Amezeeka, dada yangu. Akanitazama nilivyolowa kuanzia kofia mpaka viatu.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Hakuna. Hongera, dada. Miaka sitini."

"Leo?"

"Si leo?"

"Leo ni tarehe kumi na nne, Geesje."

"Ndiyo."

"Mimi ni wa kumi na sita. Nimekuwa wa kumi na sita tangu nizaliwe."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mazuri njiani, yote yakapotea, nikabaki kusema ukweli kama mtoto aliyevunja sahani. "Kalenda ya mama niliitupa. Kitabu kilisema nishushe."

"Kitabu gani?"

"Cha njano. Cha kumi na mbili."

Aleida akaweka kapu chini. "Bado unasoma takataka zile? Kuna kimoja nilisikia kinawaogesha watu maji ya barafu."

"Hicho nilikifuata. Mwezi wa pili."

Mdomo wake ukacheza pembeni. Najua mdomo ule, ndivyo ulivyokuwa unacheza kanisani tulipokuwa wadogo, kabla hatujatolewa nje sote wawili. Nikaona nikingoja acheke nitajificha kwenye kicheko chake, na lile nililolijia litabaki mlangoni. Nikapiga moyo konde.

"Dada, nilichosema siku ya msiba ni uongo. Hukumharakisha mama. Wewe ulikuwepo na mimi sikuwepo, nikashindwa kuvumilia. Nisamehe."

Maji yalikuwa yananidondoka kutoka kwenye kofia hadi kwenye zulia lake, na dada yangu ni mtu wa kuona tone likingali hewani.

"Ingia," alisema mwishowe. "Unalowesha mlango."

Sauti yake ilikuwa imekatika katikati. Niliingia.

Jikoni alimimina kahawa, akanikatia kipande cha keki niliyoileta, akajikatia chake. Tulikula. Kisha, nikiwa bado nafuta midomo, akachukua kisu akanikatia kipande cha pili. Hakuuliza, alikiweka tu kwenye sahani. Nyumbani kwetu tulikolelewa kipande cha pili hakikuwahi kumwangukia mtu, hata Krismasi. Nilikitazama kile kipande nikashusha pumzi ambayo nadhani nilikuwa nimeibana miaka minne.

"Mama alikuulizia," Aleida akasema. "Nikamwambia uko njiani. Alikuwa ametulia, Geesje. Hakuteseka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ulinipa nafasi?"

Sikumpa. Tulilia kidogo, halafu tukacheka kuhusu vibano vyake, maana kimoja kilikuwa kimeangukia kwenye sukari.

"Sasa niambie kweli," akasema akifuta macho kwa taulo la vyombo. "Vitabu hivyo vinasaidia au havisaidii?"

"Sijui, dada. Hiki kimeniharibia kalenda, kisha kikanileta hapa."

"Kwa hiyo kama ungekuwa na tarehe..."

"Ningetuma kadi."

"Na ingefika siku yenyewe, kama kawaida yako." Akatikisa kichwa. "Keshokutwa sikualika mtu. Nilimwambia Roelie nasafiri."

"Unasafiri kwenda wapi?"

"Siendi popote. Nilikuwa nizime taa za mbele nikae nyuma. Sikutaka duara lenye kiti kitupu."

Nikamwomba choo, kwa sababu kahawa ni kahawa, na kwa sababu nilihitaji mahali pa kufunga mlango. Nikakaa. Mbele yangu, kwenye msumari wake, ilikuwa kalenda ya mama, pacha wa ile yangu, mwandiko ule ule wa kulala upande. Nikafunua mpaka mwezi wa tano, nitazame jina langu kama watu wote wanavyofanya. Chini yake kulikuwa na mistari minne ya penseli, mwandiko wa Aleida.

Mwaka huu niende mwenyewe. Mstari umekatwa, na pembeni: kadi.

Niende mwenyewe. Umekatwa: kadi.

Niende mwenyewe. Umekatwa: kadi.

Niende hata asipofungua. Umekatwa: kadi.

Sijui nilikaa mle kwa muda gani. Mlango ukagongwa.

"Geesje, umelala humo?"

"Nasoma!"

"Mpaka chooni kwangu umekuja na vitabu vyako?"

Nilikuwa nalia na kucheka kwa wakati mmoja, na sikuona haya hata kidogo. Penseli ilikuwa inaning'inia pale pale kwa kamba. Nikafunua Oktoba, tarehe kumi na sita, na chini ya jina la dada yangu nikaandika kwa herufi kubwa: Geesje anakuja mwenyewe. Viti viwili.