Kayamba Iliyomezwa na Deki

Mimi sina sauti ya kuimba. Nasema mapema ili tusisumbuane. Sauti yangu ni ya kuitia mbuzi, na hata mbuzi wenyewe huja wakipenda. Katika kwaya ya kanisa letu kule Mbololo kazi yangu ilikuwa kayamba, basi. Ilikuwa ya marehemu mama yangu, ya matete yaliyofungwa bapa na mbegu ndani, na ukiiondoa hiyo mikononi mwangu, mimi Tryphena, Mama Wakio, sina kazi kwaya. Nitakaa kwa benchi na wageni.

Mwalimu Crispus, kiongozi wetu, alikuwa haitaki kayamba hiyo tangu zamani. Ati inafanya kwaya isikike ya kishamba. Sasa sisi tunatoka wapi, Ulaya? Lakini alikuwa ananivumilia kwa sababu ya wimbo mmoja. Ndani yake kuna mahali ambapo kwaya nzima hunyamaza na kayamba inabaki peke yake, polepole, kwa sauti ya chini, kama mtu anapanda mlima na mzigo wa kuni. Hakuna anayepunga mkono. Kayamba ikikaza, wote wanaingia. Ndivyo tulivyozoeshana sisi, na Crispus hakufaulu kutubadilisha.

Mwaka wa themanini na tatu redio ikaomba kanda za kwaya za mashambani. Pasta Thadeus akasema wimbo wetu ndio utakaokwenda, kwa treni ya Jumatatu jioni. Nilifurahi mpaka nikaunguza ugali.

Wa kuturekodi alikuwa Nashon, karani wa stesheni ya Voi. Mjaluo huyo ni mtu wa watu, na kwa mambo ya muziki ni mgonjwa kabisa. Kanisani kwetu hakuna stima, kwa hivyo alipanda na redio kaseti yake ndogo ya betri, akaiweka juu ya kiti, tukaimba. Jumamosi mchana mimi, Pasta na Crispus tukateremka mpaka kwake, nyumba za reli, kusikiliza kwa mashine yake kubwa. Kayamba nilibeba. Siiachi nyumbani.

Mashine hiyo aliiita deki. Ilikuwa ya rangi ya fedha, na mishale miwili inayocheza ndani ya taa. Mke wake, Awuor, alikuwa ameishonea kitambaa cha kuifunika, na mgeni hapewi chai kabla ya kuisifu.

"Mnajua ile kelele ya kanda, ile shhh kama mafuta ya moto?" Nashon akatuuliza. "Hii swichi ya Dolby inaiondoa. Mimi siizimi kamwe. Mtasikia kimya kama cha kanisa siku ya Jumatatu."

Akabonyeza. Kwaya ikajaa nyumba. Nikamshika Awuor mkono. Niliwatambua watu mmoja mmoja, huyo Dinah, huyo Zephaniah na koo lake. Walisikika wazito kidogo, kama wanaimba wamejifunika blanketi, lakini nani angelalamika? Mimi nilikuwa nangoja mahali pangu.

Mahali pangu pakafika. Kwaya ikanyamaza. Nasi tukangoja.

Hakuna kitu. Kimya kitupu. Pasta akadhani wimbo umekwisha, akasema "Amina" na kunyoosha mkono achukue kikombe, na hapo hapo kwaya ikalipuka tena kwa nguvu, chai ikammwagikia suruali.

"Kayamba iko wapi?" nikauliza.

Crispus alikuwa anatabasamu. "Mashine ya kuondoa kelele imeondoa kelele, Mama Wakio."

Haki nilitaka kumpiga na hiyo kayamba. Na yeye akaendelea kwa upole wake wa uongo, akamwambia Pasta kwamba kesho turekodi upya bila kayamba, aweke gitaa la mpwa wake pale kwenye pengo, na hata baadaye iwe hivyo hivyo. Pasta alikuwa anafuta suruali. Alisema huenda Mwalimu yuko sawa, maana redioni watu watadhani tumesahau maneno.

Basi ndiyo hivyo, nikaona. Nimetolewa kwaya na sanduku la Nashon.

"Nashon," nikasema, "lete ile redio ndogo uliyorekodia."

"Mama Wakio, ile ni ya kusikiliza mpira. Inapiga kelele mbaya."

"Nimesema ilete."

Awuor ndiye aliyekwenda kuitoa chini ya kitanda. Nashon akatia kanda ile ile, akiwa na uso wa mtu anayetoa dawa kwa mtoto mkaidi. Redio ikaanza, shhh nyingi kweli, na kwaya ikasikika nyembamba ndani yake. Nilimwona Crispus akitikisa kichwa. Halafu kwaya ikanyamaza, na katikati ya ile shhh ikatoka kayamba yangu. Ilikuwa inapanda mlima wake taratibu, haina haraka na mtu.

"Hiyo je?" nikamwuliza Crispus. "Ni mafuta ya moto?"

Nashon alikuwa tayari ameruka kutoka kitini. Akairudisha kanda kwa deki, akachuchumaa, akatazama swichi yake kama vile imemtukana. Akaizima. Shhh ikatoka, na kayamba ikatoka nayo, kubwa, inang'aa, hata Awuor akaanza kutikisa bega.

"Mimi ndiye mjinga hapa," Nashon akasema, anacheka peke yake. Maneno yalikuwa yanamtoka mbio. "Swichi hii inafanya kazi mara mbili. Wakati wa kurekodi inainua sauti nyembamba zilizo hafifu, wakati wa kusikiliza inazishusha tena, na ile shhh inashuka nazo. Kanda zangu zote nazirekodi hapa, zimeinuliwa. Hii ya kwenu ilirekodiwa na redio ndogo, haikuinuliwa na mtu. Sasa nimeshusha kitu ambacho hakikupanda. Na kayamba yenyewe karibu ni shhh tupu, kwa hivyo imezama."

"Kwa hivyo haikuwa kelele," nikasema.

"Ilikuwa laini, mama. Mashine haijui tofauti."

Pasta akaweka kikombe chini. "Basi turekodie hapa, na kayamba iwemo. Tusikie kwanza, ndipo tuamue."

Jumapili baada ya ibada kwaya nzima ikateremka Voi kwa lori la jirani yetu Kituku, nguo za kwaya zimejaa vumbi jekundu na hakuna aliyejali. Tukasimama uani kwa Nashon, waya za maikrofoni zinapita dirishani. Safari hii akawasha swichi kabla ya kurekodi, akaiacha imewashwa wakati wa kusikiliza. Watu walijazana mlangoni, wengine wakachungulia dirishani juu ya kichwa cha Crispus, aliyekuwa amekaa pale na mikono kifuani.

Wimbo ulianza. Lile blanketi la jana juu ya sauti lilikuwa limeondolewa. Kwaya iliponyamaza nilifumba macho, kwa sababu niliogopa, nasema ukweli.

Ikaja. Nyuma yake hakuna shhh, hakuna chochote, ni kayamba ya mama na kimya. Nilisikia hata zile mbegu za mwisho ambazo huchelewa kuteremka, ambazo mimi mwenyewe nilidhani ni mikono yangu tu inayozijua. Halafu ikakaza, na wote wakaingia.

Crispus akainua mkono.

"Nashon, hebu rudisha kidogo."

"Wapi, Mwalimu? Soprano wamekosea?"

"Hapana," akasema. Hakunitazama. "Pale pa kayamba."

Nashon akarudisha. Nilikuwa na maneno ya kumwambia Mwalimu Crispus, nimeyapanga tangu Jumamosi, mengi na mazuri. Nikayaacha yote, nikasikiliza.