Njiwa wa Ruphin

Ruphin alipozikwa, mtaa mzima wa Kamalondo ulimsifu. Si binti yake Albertine. Miaka ishirini alimwona mama yake akipigwa na mtu yule, na sasa alitaka kimoja tu: asibakiwe na chochote chake. Kwa hiyo siku ya kumaliza kilio, badala ya kuwafungulia njiwa wa marehemu waruke, kama ilivyo desturi ya ukoo, akawachinja. Akawapika kwa nyanya.

“We, mutoto!” Shangazi Laurentine, dada wa marehemu, alisukuma sahani. “Njiwa ya mufu haikuliwe. Mwenye anaikula, mufu anaingia mu mwili yake.”

Albertine akacheka. Mwalimu wa biolojia huyo, tena mwenye ulimi!

“Tante, kila nyama iko na nyuzi za urithi, sawa barua. Ikifika mu utumbo, maji ya kongosho inazikata vipande-vipande. Kuta za utumbo zinakata tena: sukari huku, fosfati huku, besi peke yake. Vingine mwili unatumia, vingine vinatoka na mukojo. Barua imechanika mpaka herufi. Nani ataisoma?”

Akala wote sita, peke yake, kwa hasira. Na hasira siku hiyo ilikuwa tamu.

Jua lilikuwa bado juu mumewe, Guelord, aliporudi na mkate. Alichelewa kidogo tu. Albertine akafungua mdomo amsalimie.

“Hii nyumba si gare ya treni!”

Loo! Sauti iliyomtoka ilikuwa nzito, ya kifuani, ya mwanaume mzee. Na mkono wa Albertine ulikuwa umeshainuka kupiga. Guelord akarudi nyuma hadi kizingitini. Shangazi akashika kichwa: “Kaka! Ni weye?”

Njiwa mmoja aliyeponyoka kisu asubuhi akashuka kutoka paani, akasimama miguuni pa Albertine, akingoja mahindi.

Albertine akakimbilia mfereji wa uani, akajitia kidole kooni. Akatapika hadi nyongo. Ikatoka nyama ya njiwa na nyanya, basi.

Hapo ndipo alipoelewa. Aliyoyasema mezani yalikuwa kweli tupu: njiwa wangechanwa tumboni, wasingemleta mtu. Lakini Ruphin hakupitia sahani. Nusu ya nyuzi za urithi za mwili wake Albertine alizipata kwa baba huyo kabla hajaota jino, na hizo utumbo hauzikati.

“Albertine?” Guelord aliita kutoka mlango wa uani. “Niingie?”

Alitaka kumwambia aingie, kwamba anampenda. Akaziba mdomo kwa viganja vyote viwili, maana hakujua ni nani angejibu.