Wimbo wa Mwisho wa Upande wa Pili

Pyo Ok-sun aliisoma orodha ya nyimbo za onyesho mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la sweta, akaisoma mara ya tatu. Wimbo wa dada yake haukuwemo. Orodha ilimalizika kwa wimbo wa maadili.

Watu wa rika lake Korea nzima wanazijua nyimbo hizo. Miaka ya sabini, kwa amri ya serikali, santuri haikutoka bila kubandikwa mmoja mwishoni, hata kama ulirekodi vilio vya mapenzi vitupu: kwaya inasifu bidii, taifa na jua la asubuhi. Msikilizaji akiusikia, alijua ni wakati wa kuinua sindano.

Yeye na mwimbaji mwenzake, Ma Gi-tae, walitoa santuri moja tu, mwaka 1976. Wimbo wa kufunga aliutunga Ok-sun kwa ajili ya dada yake mkubwa, Mal-sun, kondakta wa basi mjini Seoul, aliyemnunulia gitaa lake la kwanza. Kwenye kila kituo Mal-sun aligonga ubavu wa basi mara mbili, akapaza sauti, "Oraai!", na dereva akaondoka. Jioni msimamizi alimvua nguo kumpekua, asije akawa ameficha nauli. Kila jioni ya Mungu, msichana ambaye hakuwahi kuiba hata sindano. Wimbo ulisema hayo bila tusi hata moja. Kamati ya ukaguzi ikaamua kwamba unawavunja watu moyo. Ok-sun aligoma kuufuta, akaenda kijijini kumuuguza mama yake, na aliporudi akaikuta santuri madukani. Gi-tae alikuwa ametia sahihi peke yake kwamba wimbo uondolewe. Pale alipopaswa kusikika Mal-sun, watoto wa kwaya walisifu kuamka mapema.

Miaka arobaini na minane hawakusemezana. Mal-sun alikufa majira ya baridi mawili yaliyopita, wimbo wake haujasikika jukwaani. Baada ya mazishi Gi-tae alipiga simu: ziara ya miji kumi, na akala yamini kwamba safari hii utaimbwa. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, lakini Ok-sun hakushtuka. Alivishwa kilemba cha ukoka na utu uzima wake wote, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Sasa walikuwa kwenye ukumbi mjini Daejeon, saa chache kabla ya onyesho la kwanza. Tak, mwandaaji wa ziara, kijana wa miaka thelathini na minane mwenye adabu za kuinama inama, alieleza kwamba mashabiki wameahidiwa santuri kama ilivyokuwa, kuanzia wimbo wa kwanza hadi wa mwisho.

"Mwalimu, wakiusikia ule wimbo wa maadili watacheka," alisema. "Unawakumbusha ujana."

"Ujana wa nani?" aliuliza Ok-sun.

Tak akainama tena. Gi-tae alikuwa pembeni anakula wali wa kukunja kwa mwani, macho kwenye kisanduku chake cha chakula.

"Gi-tae. Wewe umeshonwa mdomo?"

"Dada, tiketi zimeshauzwa. Watu wameahidiwa."

"Na mimi niliahidiwa nini?"

Gi-tae alitafuna vilevile alivyotafuna mwaka 1976, polepole, mpaka mwenzake achoke kusubiri. Ok-sun alitamani kumwagia chai ya shayiri kichwani. Alitamani pia kupanda treni arudi kwake, lakini akaona kwamba akiondoka, Mal-sun atakuwa amefutwa mara ya pili, tena na mdogo wake mwenyewe. Akaketi, akafunga nyuzi za gitaa.

Onyesho lilianza saa tisa alasiri. Ukumbi ulijaa mvi na mashati ya kutembelea milima. Waliimba upande wa kwanza wote, wakaimba wa pili, na sauti zao, kwa uzee wao, zilishikana bila kutafutana. Hilo nalo lilimkera. Kisha kwaya ya watoto ikalipuka kwenye spika, watu wakacheka na kupiga makofi kama Tak alivyotabiri.

Ok-sun akainua mkono. Fundi wa sauti, akidhani kuna waya uliokatika, akazima.

"Huu hatukuutunga sisi," alisema kwenye kipaza sauti. "Tuliwekewa. Hapa palikuwa na dada yangu."

Akagonga ubavu wa gitaa mara mbili, akangoja. Ndivyo wimbo wa Mal-sun ulivyoanza: yeye anagonga, Gi-tae anaitikia. Gi-tae aliitazama karatasi yake. Ok-sun akagonga tena mara mbili. Tak alikuwa nyuma ya pazia, anapunga mikono yote miwili.

"Oraai!"

Sauti ilitoka safu ya saba. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini hivi, mwenye kizibao cha zambarau, amesimama na kulivuta neno lile kama linavyovutwa kwenye mlango wa basi. Watu wakacheka, kisha wakaona analia, wakaacha. Mwingine akaitikia kutoka nyuma, na mwingine upande wa dirisha. Makondakta wa zamani walikuwa wengi kuliko Ok-sun alivyowahi kufikiri. Akaimba. Alipofika kwenye ule ubeti wa chumba cha kupekuliwa, yule mama wa safu ya saba alikuwa bado amesimama.

Ubeti wa tatu Gi-tae akaingia. Alikumbuka kila neno.

Baada ya onyesho Gi-tae alimfuata Ok-sun nyuma ya pazia, kofia mkononi, akisema alikuwa kijana wakati ule, aliogopa, amsamehe.

"Na leo je, ulikuwa kijana?" aliuliza Ok-sun.

Gi-tae akaizungusha kofia yake.

"Jumamosi tuko Cheongju. Nikigonga, uitike wewe kwanza. Yule mama wa safu ya saba hakuwa hata na kipaza sauti."

Akalifungia gitaa kwenye mfuko wake, akalibeba mwenyewe.