Pikapu Mpya za Solo

Siku ile mjinga alikuwa yeye, na mpaka leo hakatai. Anachokataa ni jinsi shemeji yake anavyoisimulia, maana shemeji humwongezea hata ujinga ambao hakuwa nao.

Wanamwita Solo kwa sababu ndilo gitaa analopiga katika bendi ya familia, bendi ya maharusini. Dada yake mkubwa anaimba na kuongoza, mume wa dada anapiga besi, binamu yao yuko kwenye kinanda. Kwa miezi miwili solo lilikuwa halisikiki. Vidole vilionekana vikihangaika, lakini mlio ulitoka mzito na umefifia, kama mtu anayeongea akiwa amejifunika blanketi gubigubi. Jumatatu dada akachoka.

"Mdogo wangu, nakupenda, lakini harusi ya Jumamosi ni kubwa. Nisipokusikia Ijumaa kwenye mazoezi, sehemu zako atapiga binamu kwenye kinanda. Wewe utabeba spika."

Kubeba spika! Mtu aliyepiga solo miaka kumi na miwili! Alirudi nyumbani, akalilaza gitaa mapajani, akalikagua mpaka akapata wa kumshtaki: pikapu. Hizo ni zile sumaku mbili zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinazokaa chini ya nyuzi na kunasa mlio. Za kwake zilikuwa zile zile zilizotoka na gitaa kiwandani, na umri wao uliizidi ndoa ya dada yake. "Zimechoka hizi," akaamua, na kesho yake akanunua mpya, zinang'aa kama meno ya bandia.

Jumatano akazipeleka kwa fundi, mama mmoja mwenye miwani iliyounganishwa kwa waya wa shaba, anayetengeneza redio na spika katika kichumba chenye harufu ya risasi ya kulehemu iliyoyeyuka.

"Tuzisikie kwanza hizi za zamani," fundi akasema, akinyoosha mkono kuchukua waya wake wa majaribio.

"Mama, hakuna haja. Nimekuletea maiti, wewe unataka kuisalimia?"

Fundi akacheka. Akafungua skrubu, akazitoa pikapu za zamani, akazigusisha mita. "Maiti yako mapigo yake ni mazima."

"Ukaidi tu huo. Tia mpya."

"Haya. Mwenye gitaa ni wewe."

Akalehemu zile mpya, akachomeka waya wake, Solo akapiga. Mlio ukatoka mkali, kila noti imesimama kwa miguu yake. Nusura amkumbatie fundi wa watu. Fundi akafunga za zamani kwa gazeti, akampa.

"Tupa, mama."

Fundi akazitia kwenye droo. Hakuwa mtu wa kutupa kitu kizima.

Ijumaa Solo akaingia mazoezini kifua mbele kama mkaguzi wa shule. Akachomeka, akapiga. Blanketi lile lile.

Shemeji akaliweka besi chini polepole. "Shem, hizo mpya ulizikuta dukani zimeshazeeka?"

Binamu akainamia kinanda, mabega yakimcheza. Dada hakucheka. "Kesho saa nne asubuhi gari linaondoka. Nakupa mpaka hapo, na ni kwa ajili ya mama yetu tu."

Jumamosi fundi hajamaliza kufungua mlango, Solo huyo, sauti juu. "Mama, umenibadilishia! Zangu umezificha, umenitilia za bandia!"

Fundi akachukua gitaa, akalichomeka kwa waya wake, akapiga uzi mmoja kwa dole gumba. Mlio ukalia safi mpaka makopo ya skrubu rafuni yakatetemeka.

"Basi hapa linakuogopa," Solo akasema. "Kule likifika linanuna."

"Kule unachomeka kwa waya gani?"

Solo akafungua begi, akatoa waya wake. Akatoa, akatoa, akazidi kutoa, mpaka sakafu ikajaa. Ulikuwa waya wa antena ya televisheni, mita ishirini na tano, viungo vinne vilivyofungwa utepe. Aliuunga mwenyewe ili apate kushuka jukwaani na kupita kati ya meza akipiga, wageni wakimrekodi kwa simu.

Fundi akauchomeka huo. Blanketi likarudi.

"Una umri gani huu waya?"

"Miezi miwili."

"Na gitaa lilianza lini kutosikika?"

Solo akatazama sakafu. Sakafu nayo ilikuwa waya mtupu.

"Ukali wa mlio wote unaishia njiani, mwanangu," fundi akasema. "Kwa waya mrefu namna hii, hata uniletee pikapu za dhahabu, ni bure."

Dada alikuwa ameshafika mlangoni kumpitia, gauni la kuimbia limelazwa mkononi, gari likiunguruma nje. Alikuwa amesikia ya kutosha. "Za zamani ziko wapi?"

Fundi akavuta droo. Kazi ikachukua dakika ishirini, kisha Solo akapiga kwa waya mfupi wa fundi. Hazikuwa kali kama mpya. Lakini kila noti iliishia na mkwaruzo kidogo, ule ambao dada alikuwa akiusikiliza miaka yote ili ajue pa kuingilia. Akajikuta ameshaimba nusu mstari.

"Hizo hizo," akasema. "Twende."

Yangeishia hapo. Ila Solo aliuona waya anaokabidhiwa, hatua nne tu.

"Dada, huu haunifikishi hata ukingo wa jukwaa!"

"Nimeuona."

"Sasa kwenye meza nitapitaje? Watu wameshazoea. Watu wanataka kuniona!"

Dada akauchukua waya mkononi mwa fundi, akauning'iniza shingoni mwa mdogo wake.

"Wa kuonekana leo ni bwana harusi. Wewe nimekuita usikike."